Rilei Ishike Maji Yakiwa Safi

(Mhadhara kwa mafundi wa mitambo ya maji, Iringa)

Kamwene! Asanteni. Wenzetu wa Mbeya naona hata makoti hamkuvaa, baridi ya hapa, kwenu ni joto.

Leo asubuhi nimepita darajani nikautazama Ruaha Mdogo. Umekuwa chai ya maziwa. Ndivyo ulivyo kila masika: mvua ikipiga huko juu, udongo wa mashamba na wa vinyungu, bustani za mabondeni, vilivyolimwa hadi ukingoni unateremka wote mtoni, na mtu wa zamu kwenye chujio anaupokea saa nane za usiku. Saa hiyo anayeamua maji yaende kwenye tanki au yamwagwe si mimi wala meneja. Ni kile kisanduku ukutani, kwa namba tulizokiwekea mchana tukiwa tumeshiba.

Hiki hapa mezani ni kidhibiti cha kupima tope. Sensa yake inapiga mwanga ndani ya maji, na jicho lake limekaa pembeni kwa nyuzi 90, likipokea mwanga unaotawanywa na chembe. Namba inasomeka kwa NTU, kipimo cha tope: ikipanda, maji yamechafuka zaidi. Maji yakifika kama NTU 4 hata macho yako yanaanza kuona ukungu. Lakini klorini inataka zaidi ya hapo: ili iue vijidudu vizuri, tunapenda tope lishuke chini ya NTU 1, maana kijidudu hujificha nyuma ya chembe.

Sasa rilei. Sikilizeni. (Anabonyeza. Tak!) Basi, ni hiyo tu. Swichi ndogo inayoshikwa na sumaku. Uwezo wake wa ampia umeandikwa ubavuni, usiipe mota ya pampu moja kwa moja. Iipe koili ya kontakta, ile swichi kubwa, kontakta ndiyo ibebe mzigo. Hilo mnalijua, tusonge.

Niwasimulie kosa langu. Kituo sikitaji. Niliweka kiwango cha kengele NTU 1, nikaacha pengo sifuri. Pengo ni ile nafasi kati ya namba inayowasha na namba inayozima. Usiku maji yakakaa pale pale: 0.98, 1.01, 0.99, 1.02. Rilei ikawa inapiga tak-tak-tak kama kuku anayedonoa bati, valvu ya kuingiza maji tankini inafunga nusu, inafungua nusu. Asubuhi nikakuta kontakta imenuka na kuungua, na kijana wa zamu amechomoa waya wa king'ora ili alale. Nilimlaumu yeye. Baadaye nilijua wa kulaumiwa ni nani. Kengele inayolia bure humfundisha mtu kuizima.

Kwa hiyo: iwashe kwenye 1, izime ikishuka hadi 0.7. Ikishawaka, isitulie mpaka maji yameboreka kweli.

Halafu kuna muda wa kusubiri. Viputo vya hewa vikipita mbele ya sensa, vinasomeka kama tope. Kila mnapomaliza kuosha chujio mnaona namba inaruka juu kisha inarudi. Rilei ikipewa sekunde kadhaa za kusubiri haitashtuka kwa kiputo. Ila wengi wetu tukisumbuliwa tunaongeza tu: dakika tano, dakika kumi. Fanyeni hesabu kwanza. Tuseme bomba kutoka pale unapochukua sampuli hadi tanki la maji safi lina ujazo wa mita za ujazo 3, na mtambo unapitisha 60 kwa saa. Hiyo ni mita moja ya ujazo kwa dakika, yaani una sekunde 180 kabla maji machafu hayajaingia tankini. Toa sekunde 30 za sampuli kusafiri kwenye kimpira hadi kwenye sensa. Toa 40 za valvu kufunga. Zimebaki 110. Ukiweka kusubiri 60, una akiba ya 50. Ukiweka dakika tano, king'ora kitalia wakati watu wameshakinga ndoo.

Ndiyo, dada, uliza.

(Dada wa mstari wa mbele anauliza kama rilei ya tope la maji yaliyochujwa inaweza kuendesha pampu ya shabu, dawa ya kugandanisha tope, moja kwa moja.)

Swali zuri, na jibu langu ni usifanye. Tope likipanda rilei itaongeza shabu. Sawa. Lakini shabu ikizidi, nayo inaharibu: asidi ya maji inabadilika, mabonge hayashikani, tope linapanda tena. Rilei inaona tope, inaongeza shabu. Umemkabidhi mlevi ufunguo wa kilabu. Dozi ipimeni kwenye bika la maabara, kwa maji ya siku hiyo. Na kama lazima rilei iguse pampu ya dawa, wekeni kikomo cha muda: ikishapiga dakika kadhaa mfululizo isimame, imwite binadamu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Zamani mlinzi wa ghala aligonga chuma kila saa. Hakugonga kwa sababu mwizi amekuja, aligonga kwa sababu yuko macho. Siku chuma kikinyamaza, watu wanatoka na marungu. Rilei zetu nyingi tumezifunga kinyume: maji yakiwa safi zimelala, tope likija ndipo zishike na kupiga kelele. Je, umeme ukikatika? Panya wakila waya? Fyuzi ikiungua? Kimya. Na kimya tunakisoma kama maji safi.

Ingieni kwenye menyu mgeuze. Rilei ishike maji yakiwa safi, na mzunguko wake uende kwenye kisanduku cha kengele chenye betri yake. Tope likipanda inaachia. Umeme ukienda inaachia. Waya ukikatwa, mzunguko umekatika, kengele inalia vile vile.

Namba ndogo nayo msiiamini haraka. Rilei ya pili iwekeni kwa upande wa chini: ikisoma 0.00 kwa muda mrefu, nendeni mkaangalie, huenda sensa imekufa. Na kwa sensa ya kule kwenye chanzo, mafuriko makubwa hufanya kioja: tope likizidi sana, chembe zinaumeza mwanga wenyewe, jicho halipokei kitu, namba inashuka huku mto umekuwa uji.

Na mkiwa mnasafisha sensa mkazishikilia rilei zisicheze, kumbukeni kuziachia kabla ya kufunga kisanduku. Hapo sihadithii, nawaangalia tu. Mnajijua.

Haya. Ndoo hii ina maji ya bomba, yanasoma 0.4. Mkononi nina kijiko cha udongo wa kinyungu. Namwaga... moja, mbili... inapanda, 6, 9... sekunde kumi nilizoweka zimeisha. (Tak! Kengele inalia.) Vizuri. Nimebadilisha maji, imetulia, rilei imeshika tena.

Sasa nani aje achomoe plagi ya kidhibiti, tusikie?