Mashini Mbili Mkononi: Mazungumzo na Manahodha wa Lamu

Assalaam alaykum wazee wangu, nanyi vijana mnaotaka kuacha boti za mashini moja. Wengi mmeniuliza bei ya boti ya mashini mbili. Hiyo mtaelewana na muuzaji. Mimi nawaza siku utakayoileta boti yako mpya gatini Lamu, maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa sana, yanakwenda kasi, na upepo wa kusi unavuma.

Hapo usukani uweke katikati, uuache. Boti utaigeuza kwa gia. Ya kushoto mbele, ya kulia nyuma: omo, yaani mbele ya boti, itakwenda kulia na boti itazunguka palepale. Mafuta usiongeze, mashini zikinguruma chini kabisa zinatosha. Ingiza gia, toa, ngoja uone boti inavyoitika, kisha ingiza tena. Nimeona vijana hodari wakikosa subira hiyo ndogo, na ubavu wa boti ukalipa. Mkondo nao uukabili kwa omo. Ukija nao nyuma, boti nzito haisimami unapotaka wewe. Na kwa vile ubavu wake ni mrefu, upepo huishika kuliko ile uliyoizoea.

Msijifunzie gatini, tafadhali, watu wanapanda kwenda Mokowe. Tieni boya upande wa kisiwa cha Manda siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, mlizunguke mpaka mikono izoee.

Mashini ya pili ni usalama, lakini kwa sharti: kila moja iwe na chujio lake la mafuta, betri yake, na ikiwezekana tangi lake. Petroli yenye maji ikitoka tangi moja, zote mbili zitazima. Mkiwa kwenye mlango wa bahari kati ya Shela na Ras Kitau, kusi limepandisha mawimbi, nani atafungua chujio?

Hesabu ya mafuta nayo ni nyingine. Mashini ya nguvu za farasi 200 ikifunguliwa yote hunywa takriban lita 70 kwa saa. Mbili ni 140. Theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi haiguswi.

Kabla hujatoa pesa, itoe boti baharini na abiria wa kutosha. Zima mashini moja, inyanyue majini, urudi na nyingine. Boti itavuta upande wa mashini iliyozimwa, na huenda isipande juu ya maji kabisa. Tazama saa, uandike umechukua muda gani kufika. Kisha zima ile nyingine, urudie.