Mubirizi ndani ya kisahani cha maabara

Wazee wangu, mama zetu mnaouza dawa Kadutu, nanyi wanafunzi: leo tuchukue mubirizi, mmea wa dawa ambao hapa Bukavu nani hajaonja uchungu wake? Wataalamu huuita Vernonia amygdalina. Mama huuchemsha kwa maji. Sisi maabarani tunakausha majani kivulini, tunayasaga, tunayaloweka katika methanoli, aina ya alkoholi, kisha tunaivukiza hadi ubaki utomvu mzito wa kijani. Hapo tayari tuna dawa mbili, maana methanoli hutoa vitu ambavyo maji huviacha.

Tunapaka bakteria juu ya agari, ile jeli ya kuwalishia kisahanini, tunaweka vikaratasi vilivyolowa dondoo, yaani utomvu ule, tunaacha usiku kucha kwenye nyuzi 37. Asubuhi, duara angavu, yaani mahali bakteria hawakuota, likizunguka karatasi, wanafunzi hushangilia. Ngojeni! Kwanza tazameni karatasi iliyolowa kiyeyushi, yaani kimiminika cha kuyeyushia dondoo, peke yake. Nayo ikiwa na duara, sherehe imekwisha. Tena duara pana si lazima liwe la dawa kali: molekuli kubwa husambaa polepole ndani ya agari, hata zikiwa na nguvu. Ndiyo maana tunahamia kwenye mirija, tunapunguza dondoo nusu kwa nusu, tukitafuta kiwango cha chini kabisa ambacho mchuzi wa bakteria haujachafuka, yaani hawajaongezeka. Kikipita miligramu 1 kwa mililita, mimi sisisimki. Na msishangae bakteria Staphylococcus aureus ikisalimu amri mapema kuliko Escherichia coli; hii ya pili ina utando wa nje unaozuia mengi.

Kipimo cha antioksidanti, vitu vinavyotuliza molekuli haribifu, ni rahisi mno, ndiyo sababu sikiamini kikiwa peke yake. Unachanganya dondoo na DPPH, kemikali ya zambarau, zambarau inageuka njano, unaisoma kwa mwanga wa nanomita 517. Basi. Hata chai huigeuza.

Kuhusu uvimbe, tangu 1962 wengi hudunga karajinani, kitu cha mwani kinacholeta uvimbe, unyayoni mwa panya. Mguu unavimba, unapimwa kila saa: kundi moja limepewa dondoo, jingine indometasini, dawa ya kawaida ya uvimbe, la tatu maji matupu. Ndani ya panya mna tumbo, damu na ini, na mimea mingi iliyong'ara kisahanini hukwama humo.

Mama mmoja ameniuliza mlangoni: ninywe au nisinywe? Duara halijibu hilo, mama. Hata javeli ya kufulia hutoa duara zuri. Lazima tupime madhara yake kwa ini na figo, tena kwa maji yale unayoyachemsha wewe. Kwa hiyo nami nakuuliza: unatia majani kiasi gani, maji kiasi gani, na yanakaa motoni dakika ngapi?