Kutoka MX-5 mpaka GTP: kupanda madaraja ya prototaipu ukiwa Kigoma

Habari zenu ndugu watazamaji. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu mambo vipi. Niko hapa Mwanga, Kigoma, saa nne usiku, maana muda huu ndipo mbio za mtandaoni zinapojaa madereva wa Ulaya waliokwisha kutoka kazini. Leo tunapanda ngazi ya magari ya prototaipu kwenye iRacing, mchezo wa kompyuta wa mbio za magari za mtandaoni. Nitawaonyesha kila daraja linakudai ujue nini kabla hujaenda la juu yake.

Prototaipu ni gari lililochorwa kwa ajili ya mbio tu, tangu bolti ya kwanza. GT3, yaani gari la mbio lililotokana na gari la kawaida, ina ndugu yake anayeuzwa dukani, prototaipu haina. Imelala chini, ni nyepesi, na hewa ndiyo inayoishika kwenye lami. Shikeni hilo la hewa, tutalirudia.

Kabla ya gari, tutengeneze chumba. Hapa chini ya meza mnaiona UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika. Siyo kubwa, inabeba kompyuta, skrini na ruta kwa dakika kumi na kitu, basi. Niliinunua baada ya mtaa wote kuzima nikiwa naongoza mbio za dakika 45, zimebaki dakika sita. Kama fedha inatosha kitu kimoja kati ya usukani mzuri zaidi na UPS, nunua UPS. Intaneti nayo, vuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye kompyuta, usitegemee Wi-Fi inayopita ukutani. Ping yangu, yaani muda wa taarifa kwenda seva za Ulaya na kurudi, ni kama milisekunde 200. Kubwa, lakini imetulia, na iliyotulia inachezeka. Inayoruka kutoka 180 kwenda 400 itakufanya uonekane unapotea na kutokea mbele ya wenzako, na hiyo siyo haki kwao. Mbio zenyewe hazili bando sana. Kinacholimaliza ni kupakua magari na viwanja, kwa hiyo pakua usiku wa manane ukiwa na kifurushi cha usiku.

Haya, hatua ya kwanza ni leseni. Fungua ukurasa wako, angalia hapa juu. Leseni zinaanza Rookie, kisha D, C, B na A. Tangu 2024 leseni ya barabara imegawanywa mara mbili, magari ya spoti peke yake na fomula peke yake. Sisi tunataka ya spoti. Pembeni yake kuna namba yenye nukta, hiyo ndiyo alama ya usalama. Kutoka Rookie, ikifika 3.00 unapanda. Huko juu, ukimaliza msimu wa wiki 12 ukiwa na 3.00 au zaidi, na umetimiza idadi ya mbio inayotakiwa, unapanda. Ukivuka 4.00 katikati ya msimu ukiwa umetimiza mbio hizo, unapanda papo hapo. Ukianguka chini ya 1.00, unateremshwa.

Namba hiyo inahesabu kona ulizopita ukilinganisha na makosa yako. Kutoka nje ya njia ni alama moja, kupoteza udhibiti wa gari ni mbili, kumgonga mwenzako kwa nguvu ni nne. Haiulizi nani mwenye kosa, wote wawili mnaandikiwa. Watu wanalalamika sana kuhusu hilo. Mimi nalipenda, kwa sababu linakufundisha kuona ajali kabla haijatokea, kama dereva wa daladala wa Ujiji anayejua ile bodaboda itachomekea hata kabla mwenye bodaboda hajaamua.

Anza na Mazda MX-5, inakuja na usajili, huilipii. Kimbiza mbio hata ishirini bila kuangalia nafasi uliyomaliza. Angalia makosa tu. Ukimaliza tatu mfululizo bila kosa, endelea na video hii. Kama bado, isimamishe hapa, itakungoja.

Hatua ya pili, prototaipu yako ya kwanza. Mimi nashauri Radical SR10. Ni gari dogo la wazi, kichwa nje, injini ya turbo ya lita 2.3, nguvu za farasi 425, na uzito wake ni kilo mia saba na kitu. Hapa ndipo unakutana na hewa kwa mara ya kwanza.

Ngoja nieleze hewa vizuri, kwa sababu asiyeielewa atahangaika mpaka GTP, daraja la juu kabisa. Umepanda gari kwenda Kasulu, umekaa dirishani, umetoa kiganja nje na kukiinamisha kidogo kuelekea chini. Gari likienda kilomita 40 kwa saa unasikia upepo unasukuma mkono taratibu. Likifika 80, hausukumi mara mbili, unasukuma mara nne. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya hewa inazidi mara nne. Bawa la prototaipu na sakafu yake vinafanya kazi hiyo hiyo, vinaikandamiza gari chini.

Sasa tazama maana yake kwenye breki. Mwisho wa njia iliyonyooka una mwendo mkubwa, hewa inakukandamiza, matairi yana mshiko mwingi kupita kiasi. Kwa hiyo kanyaga breki kwa nguvu mara moja, usiogope. Lakini kadiri mwendo unavyoshuka, ule mkono wa hewa unajiondoa, na mguu ukibaki palepale tairi linagoma kuzunguka, moshi mweupe, unapitiliza kona. Kwa hiyo mguu unapunguza pamoja na mwendo. Nguvu nyingi mwanzo, kisha unaachia taratibu huku unakata usukani, mpaka katikati ya kona mguu umebaki unagusa tu. Tazameni mstari mwekundu kwenye skrini, ndiyo breki yangu: unapanda wima kama ukuta, unashuka kama mteremko wa kwenda ziwani. Wengi mstari wao ni kinyume, wanakanyaga kwa woga mwanzo na kwa hofu mwisho. ABS, mfumo unaozuia matairi yasigome kuzunguka, hakuna humu, wala kwenye madaraja ya juu yake, LMP3, LMP2 na GTP. Kama umetoka GT3, mguu wako umezoea kukanyaga mpaka chini na kompyuta ikusaidie. Huo ndio ugonjwa wa kwanza wa kutibu.

Zoezi: kiwanja kimoja, kona moja, mizunguko 30. Usisogeze sehemu ya kuanzia breki. Badilisha namna ya kuachia tu.

Hatua ya tatu, LMP3. Humu ni Ligier JS P320. Kwenye mbio halisi daraja hili lilianzishwa 2015 ili madereva wachanga wapate prototaipu ya gharama nafuu. Injini ni Nissan V8 ya lita 5.6, farasi 455, uzito kilo 950. Ina kidhibiti cha kuzuia matairi ya nyuma yasizunguke ovyo unapokanyaga mafuta, lakini kikifanya kazi sana kinakupunguzia mwendo na kula matairi. Kama unasikia injini inakatakata kila ukitoka kona, tatizo ni mguu wako wa kulia. Cheza mbio zenye setingi ya pamoja, gari la kila mtu liko sawa, ujue kinachokosekana kiko kwako. LMP3 ni gari la kusamehe, wala sina mengi ya kusema juu yake. Kaa nalo msimu mzima.

Hatua ya nne, na hapa vuteni viti. LMP2.

Dallara P217. Injini ya Gibson V8 ya lita 4.2, farasi kama 600, kilo 930 tu. Kwenye kona za kasi inashika kuliko chochote ulichowahi kuendesha, mpaka unashindwa kuamini. Kosa langu kubwa lilikuwa kuja hapa moja kwa moja kutoka MX-5, mara tu leseni iliponiruhusu. Nilikuwa na kasi. Sikuwa najua kuishi na wengine barabarani. Kwa wiki mbili alama yangu ya usalama iliporomoka kutoka juu ya tatu mpaka chini ya mbili, na kila ajali ilitokea nikimpita mtu wa GT3.

Maana kwenye mbio za madaraja mchanganyiko wote mko kwenye kiwanja kimoja kwa wakati mmoja. GTP wanakuja nyuma yako, GT3 wako mbele yako, na wewe LMP2 umebanwa katikati. Ndiyo sababu nasema jifunze kupitwa kabla ya kupita. Ile LMP3 niliyowaambia mkae nayo msimu mzima, kazi yake kubwa ni hiyo. Ingia nayo mbio za mchanganyiko uwe wa kupitwa. Kanuni ni nyepesi: usimsaidie anayekupita. Shika njia yako ya kawaida, funga breki pale pale unapofungia siku zote, usijitupe pembeni ghafla kwa heshima. Anayekuja nyuma amekwisha kukusoma, na ukibadilisha mawazo unamharibia hesabu. Bendera ya bluu ni taarifa tu kwamba mwenye kasi yupo nyuma. Haikuamuru usimame. Ukitaka kumrahisishia, punguza mafuta kidogo kwenye njia iliyonyooka akiwa tayari ubavuni.

Ukishapitwa mara mia, utajua aliye mbele yako anawaza nini, na hapo ndipo unaruhusiwa kupita. Mzigo wa kupita salama uko kwako mwenye kasi. GT3 ina kilo kama 1,300, inaanza kufunga breki mapema kuliko wewe. Ukimfuata mgongoni kuelekea kona kali, utamwingia nyuma kabla hujafikiria. Kwa hiyo amua mapema: ama umempita kabisa kabla ya alama za breki, ama unamsubiri atoke kwenye kona ndipo umpite kwa nguvu ya injini. Katikati ya hayo mawili hakuna mahali. Mpige taa mara moja akujue, usimpigie taa mfululizo kama lori linalodai njia.

Twende Le Mans, kiwanja cha Ufaransa, tuone. Mzunguko mmoja ni kilomita 13.6, yaani ni mrefu kuliko kutoka stesheni ya Kigoma mpaka Ujiji. Tangu 1990 ule mnyooko wa Mulsanne umekatwa na vikwazo viwili vya kona. Kwenye mnyooko pita unavyotaka, nafasi ipo. Lakini hapa, Porsche Curves, kona zinafuatana bila kupumua na ukuta uko karibu. Ukimkuta GT3 amekwisha kuingia, mngojee. Tazama rekodi hii: nimekaa nyuma yake kona zote, nimepoteza kama sekunde tatu. Dereva aliyekuwa nyuma yangu hakungoja, alichomekea ndani. Wote wawili ukutani. Sekunde tatu nilizirudisha ndani ya mizunguko miwili.

Hatua ya tano, GTP. Marekani daraja hili lilianza 2023. Humu kuna BMW M Hybrid V8, Cadillac V-Series.R, Porsche 963, Acura ARX-06, na Ferrari 499P iliyoshinda Saa 24 za Le Mans mwaka 2023, 2024 na 2025. Usinunue zote. Gari moja ni kama dola 12, na viwanja navyo vina bei yake. Chagua moja, kaa nalo mwaka.

Magari haya ni ya haibridi na ni mazito kuliko LMP2, yanaanzia kilo 1,030. Utashangaa kwamba kwenye kona yanahisi mavivu. Nguvu yao iko kwenye mnyooko. Ugumu wake uko kwenye breki, kwa sababu mota ya umeme nayo inavuta magurudumu ili kuchaji betri, na mgawanyo wa breki mbele na nyuma unahama kadiri unavyobonyeza. Mmewahi kuona boti ikifika Kibirizi, abiria wote wakikimbilia mbele kushuka? Pua inazama, tezi linaelea. Gari linalofunga breki hufanya hivyo hivyo. Mwanzo wa breki uzito wote uko mbele, kwa hiyo mbele panabeba kazi kubwa. Ukiachia, uzito unarudi nyuma, na mgawanyo unatakiwa uufuate. Kwenye usukani kuna swichi ya kupanga uhamaji huo. Mkia ukitoka unapoingia kona, sogeza mgawanyo mbele kidogo, namba moja tu, kisha fanya mizunguko mitano kabla ya kugusa tena. Pua ikikataa kukata, rudisha. Andika kwenye daftari. Daftari langu la kona za Sebring, kiwanja cha Marekani, limejaa, maana zege la ule uwanja wa ndege wa zamani linarusha gari kila mahali na kila mruko unahama na breki zako.

Na jambo la mwisho kabla sijatoka pit, sehemu ya kuhudumia magari. Matairi haya hayana kashata, na yakiwa baridi hayashiki. Mzunguko wa kwanza ndio unaoua watu wengi wa GTP. Funga breki mapema sana, kata kona kwa upole, na kama GT3 anakusogelea kwenye mzunguko huo, mwache. Naondoka sasa. Tazameni mguu wangu wa kushoto kwenye kona ya kwanza, breki nimeshika mapema mno, gari linateleza kidogo hata hivyo. Kona ya pili, bado. Mnaona rangi ya matairi hapa chini? Mpaka iwe kijani sishindani na mtu.