Twendeni Lac Blanc, ziwa la juu mlimani linalotazamana na Mont Blanc

Haya wapendwa, mambo vipi huko nyumbani, naamini mnanisikia vizuri maana upepo umeshaanza kuchangamka, kamera nimeiegemeza kwenye jiwe ili isitikisike. Hayo maji mnayoyaona nyuma yangu ndo Lac Blanc, tuko Ufaransa, kwenye milima ya Alps, juu ya bonde la Chamonix, mita 2,352 kutoka usawa wa bahari. Leo naomba msiangalie picha tu mkapita, nataka niwaeleze hili ziwa limetokana na nini na mtu anafikaje, kwa sababu kwenye video zangu za milima maoni mengi ni "pazuri sana" halafu basi, na mimi naona ukishajua kilichopafanya pawe hivi ndo unapapenda kweli.

Tuanze na njia. Sisi tumeanzia Col des Montets, mita 1,461, unashuka kwenye treni ya bondeni kituo cha Montroc halafu unatembea kidogo mpaka pale barabara inapovuka kilima. Kwa hiyo kupanda kwenyewe ni kama mita 900 kwenda juu, na mwanzo ndo mgumu, njia inapiga kona, kona, kona, unageuka kulia unageuka kushoto na bonde linazidi kushuka chini yako. Vibao vya njiani haviandiki kilomita, vinaandika muda, na mimi naona ni busara kabisa, kilomita moja ya mlimani na kilomita moja ya barabarani ni vitu viwili tofauti. Ukifika Tête aux Vents, mita 2,130 hivi, unakuta rundo la mawe la kuonyesha njia, na hapo unakutana na watu wa Tour du Mont Blanc, wale wanaouzunguka mlima mzima karibu kilomita 170, wanapita Ufaransa, Italia na Uswisi na mabegi makubwa mgongoni, na kila mtu anakusalimia, hata aliyechoka kiasi gani anasema bonjour.

Kutoka hapo unapita vile viziwa vidogo vya Chéserys, halafu inakuja sehemu ya mwisho yenye ngazi zimefungwa kwenye mwamba. Ukiwa unaogopa urefu hapo utasikia, na kama miguu inakataa rudi, hakuna aibu yoyote, Chéserys penyewe pana mandhari ya kukutosha siku nzima.

Wengi mmeuliza kuhusu pumzi. Kwa urefu huu mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa ufukweni, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inaingiza oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Kwa mtu mwenye afya njema si hatari, ila mwendo wako wa kawaida hapa hautakubali. Tembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukiona maneno yanakatika punguza, usisubiri mpaka usimame kabisa.

Sasa ziwa lenyewe, hapa ndo nilipotaka tufike. Zamani za barafu, maelfu ya miaka iliyopita, huku kote kulikuwa kumefunikwa, na barafu ya mlimani haikai tu, inatembea, pole pole sana inateremka kwa uzito wake yenyewe, na chini yake imebeba mawe, hayo mawe yanakwangua mwamba kama msasa. Pale inapokwama na kujikusanya chini ya kilele inachimba kwenda chini kuliko ukingo wake wa mbele, kwa hiyo barafu ikija kuyeyuka kinachobaki ni shimo lenye kizingiti, maji yanajaa, ndo ziwa. Tazameni nikigeuza kamera, ule ukuta wa nyuma, kilele chake ni Aiguille du Belvédère, mita 2,965, halafu huku mbele ule ukingo wa mwamba uliolainishwa ndo kizingiti ninachokisema. Ukitoka hapa ukaenda kwenye ziwa lingine lolote la namna hii, milima yoyote ile duniani, utatafuta hivyo hivyo, ukuta nyuma na kizingiti mbele, na utaviona.

Na ile rangi ya samawati yenye maziwa maziwa mnayoipenda kwenye picha, inatokea pale ambapo juu ya ziwa bado kuna barafu hai inayosaga mwamba, unakuja unga wa mawe laini kiasi kwamba hauzami haraka, unaelea ndani ya maji na kuutawanya mwanga wa jua. Lakini hapa Lac Blanc maji mengi ni ya theluji inayoyeyuka, kwa hiyo ukisogea ukingoni unaona mawe ya chini.

Halafu geukeni huku. Hii mimi kila nikiitazama moyo unauma. Ng'ambo ya bonde, kulia kule ni Mont Blanc, kilele chake kimevaa barafu na theluji kwa hiyo hata urefu wake unabadilika, 2021 waliupima wakapata mita 4,807.81, 2023 wakapata 4,805.59. Katikati zile sindano za mawe, Drus na Aiguille Verte, na pembeni yake ule mkondo mrefu wa kijivu unaokata milima ndo Mer de Glace, mto wa barafu mkubwa kuliko yote Ufaransa. Mwaka 1909 walipofungua treni ya Montenvers kuwapeleka watalii kuiona, barafu ilikuwa jirani tu na kituo, leo imekonda kwa zaidi ya mita 100 hapo kituoni, wamelazimika kujenga ngazi za chuma mamia ya hatua kuteremka kuifuata, na sababu ni joto la dunia kuongezeka, theluji ya majira ya baridi haitoshi kufidia kinachoyeyuka majira ya joto. Kwa hiyo mtu akisimama hapa nilipo anaona vyote viwili kwa jicho moja, huku nyuma kazi ambayo barafu ilishaimaliza, na mbele barafu ambayo bado inafanya kazi lakini inaondoka. Yaani mimi nikiwa na rafiki anayekuja huku kwa mara ya kwanza siku zote namleta hapa kabla ya kumpeleka kwenye magari ya kamba, aone kwanza hili.

Ila si yote ni huzuni jamani. Huku kuna mbuzi mwitu wa Alps wenye zile pembe ndefu zilizopinda nyuma, hawana haraka na mtu. Hawa karne ya 19 walikuwa karibu kuisha kabisa kwa kuwindwa, wakabaki wachache tu Gran Paradiso, Italia, mfalme akapafanya eneo lake la kuwinda mwaka 1856 na kuwazuia watu wengine, na wote waliopo leo kwenye Alps nzima ni uzao wa wale waliosalia. Ukimwona usimfuate na simu, kaa, mwache apite. Hili eneo la Aiguilles Rouges ni hifadhi tangu 1974, mbwa hawaruhusiwi, moto hauruhusiwi, maua hayachumwi, na droni msiniombe, sirushi.

Kwa mnaopanga kuja, theluji inaweza kubaki kwenye njia mpaka mwezi wa saba, ziwa lenyewe mwezi wa sita mara nyingi bado limeganda, kwa hiyo angalia hali kabla ya kukata tiketi. Joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kila mita 1,000 unazopanda, bondeni watu wako na kaptula wewe juu unahitaji sweta na koti la mvua, na jua huku linaunguza zaidi hata kukiwa na baridi, sote na ngozi zetu hizi, paka losheni. Viatu viwe na meno chini. Namba ya dharura ni 112, na helikopta ikija nyosha mikono yote miwili juu, maana yake nahitaji msaada, mkono mmoja juu na mwingine chini maana yake sihitaji, hii mfundishe na mtoto unayetembea naye.

Na anza asubuhi mapema kuliko unavyofikiri. Radi za majira ya joto huku hupenda mchana, hewa ya bondeni inapata moto, inapanda, inajenga mawingu, na pale juu ya Drus mnaona yameshaanza kunenepa, yalikuwa hayapo wakati naanza kurekodi. Zile ngazi sitaki tuzikute zimelowa, kwa hiyo naizima kamera tunashuka sasa hivi, maswali yenu yaacheni hapo chini nitayajibu nikiwa kwenye treni.