Dawa Iliyogeuka Ugonjwa: Intaneti Nzito Baada ya Kubadili Mfumo wa Kompyuta

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nawashukuru kwa kunialika, na nimefurahi zaidi kuona baadhi yenu mmekuja na kompyuta zenu. Tutazihitaji.

Nianze na kijana mmoja aliyenijia na kompyuta mpakato. Wiki tatu kabla alikuwa ameihamishia toleo jipya la mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiendesha kompyuta, kama Windows, na tangu hapo, akasema, intaneti imekuwa nzito. Laini yake ya nyumbani ni ya megabiti 50 kwa sekunde. Akienda kwenye tovuti za kupimia kasi, namba zinazotoka si mbaya. Lakini akishusha faili kutoka seva iliyo mbali, linajikokota kwa kilobaiti 300 na kitu kwa sekunde, wala halipandi hata afanyeje. Ruta ameizima na kuiwasha hadi amechoka. Watu wamemshauri anunue mashine nyingine. Ishikeni hiyo namba, kilobaiti 300 na kitu, kwa sababu tutairudia.

Kilichonileta mbele yenu ni jambo moja. Mfumo mpya ukiingia kwenye kompyuta, vitu vingi hubadilika kwa mpigo: draiva, mipangilio ya waifai, programu za ulinzi, hata namna kompyuta inavyosalimiana na seva. Anayeanza kubonyeza huku na kule kabla ya kujua uzito uko wapi anaongeza mabadiliko yake juu ya hayo, na baada ya siku mbili hakuna anayeweza kusema kipi kimesababisha nini. Tutafute kwanza mahali. Dawa itafuata.

Tuanze na siku mbili za mwanzo. Mfumo ukishabadilishwa, skrini inakukaribisha kana kwamba kazi imekwisha, kumbe chini kwa chini ndiyo kwanza inaanza. Masasisho yaliyotoka baada ya toleo lile kutengenezwa yanashushwa. Programu zinajisasisha moja baada ya nyingine. Huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, iwe OneDrive, iCloud au nyingine, inakagua upya mafaili yako, na wakati mwingine inaanza kupandisha picha za miaka yote. Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ilikuja pia na utaratibu wa kompyuta kugawiana masasisho: vipande ulivyokwisha kushusha vinaweza kupelekwa kwa kompyuta nyingine za nyumbani mwako, na mpangilio ukiruhusu, hata kwa za watu usiowajua huko nje. Mpangilio huo upo kwenye sehemu ya masasisho, na unaweza kuufunga.

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kupandisha kunaweza kukwamisha kushusha. Laini nyingi za nyumbani zina njia pana ya kushusha na njia nyembamba ya kupandisha. Unaposhusha faili, kompyuta yako hutuma risiti ndogondogo kumwambia mtumaji kwamba kipande fulani kimefika, alete kingine. Sasa njia ya kupandisha ikijaa picha, risiti zako zinapanga foleni ndani ya ruta, nyuma ya picha hizo. Mtumaji asipoziona, anangoja. Mhandisi Jim Gettys amefanya kazi kubwa ya kuwaamsha watengenezaji wa vifaa kuhusu foleni hizi ndefu zinazojificha ndani ya ruta, na bado ruta nyingi majumbani zinazo.

Namna ya kuiona foleni ni rahisi. Tumia ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983 na ambayo hadi leo imo karibu katika kila kompyuta. Inatuma ujumbe mdogo kwa anwani unayoitaja, kisha inakuambia jibu limechukua milisekunde ngapi kurudi. Ipime laini ikiwa imetulia, uandike namba. Ipime tena wakati picha zinapanda. Ukiona milisekunde 30 zimekuwa 600, foleni ndiyo hiyo umeiona. Simamisha upandishaji, namba zitashuka mbele ya macho yako. Kwenye Windows, Task Manager itakuonyesha ni programu gani inayotumia mtandao. Kwenye macOS ni Activity Monitor. Ukikuta ni masasisho yanayoshuka, iache kompyuta ikiwa imewashwa usiku kucha. Nimeona watu wakihangaika wiki nzima kwa sababu wanaizima mashine kila masasisho yanapofika katikati.

Siku mbili zimepita na uzito upo palepale? Sasa tuulize uzito ni wa nani. Chukua simu, kaa pale pale ilipo kompyuta, kwenye waifai ile ile, na upime. Simu nayo ikiwa nzito, mfumo mpya hauna kosa. Tatizo liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma, na limesadifu tu kutokea wiki ile ile. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Simu ikipaa, chomeka kebo kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta. Kebo ikiwa nyepesi na waifai nzito, umeshapunguza nusu ya kazi.

Kipo kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vingine. Weka Linux, mfumo endeshi mwingine, kwenye flashi na uwashe kompyuta kutokea kwenye flashi hiyo, bila kusakinisha chochote wala kugusa diski. Mashine ni ile ile, kadi ya mtandao ni ile ile, kiti hujakihama, ila mfumo umekuwa mwingine. Kasi ikirudi, una uhakika kwamba vifaa vyako ni vizima na shida imo ndani ya mfumo uliosakinishwa. Kipimo hiki kingewaokoa watu wengi walioambiwa wanunue kompyuta mpya. Naumia sana ninapomwona mtu anatupa mashine nzima kwa sababu ya mpangilio mmoja.

Halafu, tafadhali, tutofautishe megabiti na megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Laini ya megabiti 50 ikishusha kwa megabaiti 6 kwa sekunde inafanya kazi yake sawasawa.

Tuje kwenye draiva, ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuiendesha kadi ya mtandao. Wakati wa kubadili toleo, mfumo unaweza kuiondoa draiva ya mtengenezaji wa kadi na kuweka ya kwake ya jumla. Ya jumla inafanya kazi, mtandao unaonekana, lakini huenda isizitumie nguvu zote za kadi. Dalili mojawapo ni kompyuta kung'ang'ania masafa ya gigahezi 2.4 wakati ruta inatoa pia gigahezi 5. Masafa ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri, ila yana msongamano: chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na mnagombania hizo hizo pamoja na majirani, vifaa vya Bluetooth na oveni ya maikrowevu. Kwenye taarifa za muunganisho, mfumo utakuonyesha uko kwenye masafa gani na kadi na ruta zimekubaliana kasi gani. Hiyo kasi ya makubaliano isomeni. Hata kwenye kebo, ukikuta 100 mahali ambapo kadi na ruta zote zinaweza 1,000, shuku draiva au kebo yenyewe: kasi ya 1,000 inahitaji jozi zote nne za nyaya, na waya mmoja ukikatika vifaa vinaweza kushuka hadi 100 bila kukuambia neno.

Draiva chukueni kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta au wa kadi. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja, ziacheni. Na mkiwa hapo kwenye mipangilio ya kadi, tazameni kama mfumo mpya umeruhusiwa kuilaza kadi ili kuokoa betri. Kadi inayosinzia huleta ule uzito wa kukatikakatika.

Programu za kuzuia virusi na za VPN, yaani zinazopitisha mtandao wako kwenye seva ya kati, zilizobaki kutoka toleo la zamani nazo hujipachika katikati ya njia ya mtandao, na zisipopatana na mfumo mpya kila kipande cha data kinachelewa. Ondoa moja kabisa, uwashe upya, upime, kisha uirudishe katika toleo lake jipya. Usikae bila ulinzi.

Kuna uzito mwingine wenye sura yake. Ukurasa unakaa kimya sekunde tatu, nne, halafu unafunguka wote kwa mara moja. Hapo kasi ya laini haina shida. Kinachochelewa ni kuuliza anwani. Tangu Paul Mockapetris alipobuni DNS, daftari la majina na anwani za mtandao, mwaka 1983, kila jina la tovuti hutafutwa kwanza namba yake, na huenda mfumo mpya unaiuliza seva isiyojibu, pengine ya VPN uliyokwisha kuiondoa. Jaribuni kwa muda seva ya wazi kama 1.1.1.1 au 8.8.8.8. Ukimya ukiisha, mmempata mkosaji.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Vipimo vyote hivi tulivifanya. Simu ilipaa. Kebo na waifai zote zilikuwa nzito kwa kiwango kile kile. Linux ya kwenye flashi ikashusha faili lile lile kwa kasi kamili. Kwa hiyo kitu kilikuwa ndani ya mfumo, na kilikuwa na dari: kilobaiti 300 na kitu, haizidi.

Ili muielewe dari hiyo, fikirieni mtu anayeteka maji kwa ndoo. Maji anayopata kwa saa yanategemea ukubwa wa ndoo na umbali wa kisima. TCP, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata zinapotumiana mafaili, inafanya vivyo hivyo: mpokeaji humwambia mtumaji kiasi anachoweza kumletea kabla ya kungoja risiti. Katika muundo wake uliochapishwa mwaka 1981, ndoo hiyo haiwezi kuzidi baiti 65,535. Kwa seva ya jirani inatosha. Kwa seva ya mbali, ambapo kwenda na kurudi ni milisekunde 200, unapata ndoo tano kwa sekunde, yaani kilobaiti kama 327, hata laini yako ingekuwa pana kama bahari. Ndiyo maana tovuti za kupimia kasi zilimpa namba nzuri: seva za tovuti hizo huwa karibu, na hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja.

Mwaka 1992 Van Jacobson, Robert Braden na David Borman waliandika suluhisho: wakati wa kusalimiana, pande mbili zikubaliane kizidishio. Ukisema 256 na kizidishio ni 256, maana yake ni 65,536, na unaweza kwenda juu zaidi ya hapo. Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, ilikuja na utaratibu wa kukuza ndoo yenyewe kulingana na safari. Lakini baadhi ya ruta za zamani zilikuwa zinakivuruga kizidishio njiani. Kompyuta inasema 256 ikimaanisha 65,536; seva inasikia 256 tupu, na inaleta baiti 256 kwa safari. Watu waliohamia mfumo mpya wakaona intaneti imekufa, na kwa ruta za aina hiyo ushauri wa kuzima utaratibu ule ulikuwa wa kweli.

Ushauri huo haukufa pamoja na ruta zile. Kijana huyu, siku ya kwanza ya mfumo wake mpya, alikutana na uzito wa masasisho yaliyokuwa yakishuka. Akatafuta dawa, akaipata hiyo ya zamani, akainakili, akaiweka. Masasisho yalikwisha baada ya siku mbili. Dawa ikabaki, na ndoo yake ikafungwa pale pale kwenye baiti elfu 65. Wiki tatu alizokuwa akihangaika, alikuwa anaumwa dawa. Hakukosa akili wala bidii. Alikosa tu mtu wa kumwambia asubiri, apime, na aandike kila anachobadilisha pamoja na hali iliyokuwepo kabla.

Wenye Windows, fungueni dirisha la amri mwandike:

netsh interface tcp show global

Tafuteni mstari unaotaja Auto-Tuning, ndio ule utaratibu wa kukuza ndoo. Ukisomeka "normal", endeleeni na mambo mengine. Ukisomeka "disabled" na hamjui nani aliuweka hivyo, fungueni dirisha hilo kwa haki za msimamizi mwandike:

netsh interface tcp set global autotuninglevel=normal

Kwake ilikuwa ni hiyo tu. Faili la gigabaiti 4 ambalo lingemchukua zaidi ya saa 3 lilishuka kwa chini ya robo saa, tukiwa tumekaa tunalitazama. Haya, wenye kompyuta, ziwasheni. Tuanze na ping.