Kupanda farasi wakati wa baridi, na punda wetu wa masika

Assalaam alaykum, habari za jioni jamani. Huko nyuma mnanisikia? Hii maiki inakatakata, basi ntapaza sauti tu, mtoto wa Ngamiani hafundishwi kupiga kelele.

Nimeambiwa niongee kuhusu kufundisha na kupanda farasi wakati wa baridi, na najua kuna mtu kakaa hapo anajiuliza huyu kaka vipi, Tanga na theluji wapi na wapi, kwanza hao farasi wenyewe wako wapi. Haki yenu kabisa. Mi nimekaa Kanada, mkoa wa Alberta, nje kidogo ya Calgary, misimu minne ya baridi, nikiwa saisi, yaani kufagia mavi, kulisha, kunywesha, kuwatoa asubuhi, alafu baadae wakaniamini nikaanza kuwafundisha wale farasi vijana ambao hawajapandwa. Kabla ya hapo mnyama pekee nilokuwa namjua ni punda wa marehemu babu, na tutarudi kwake.

Kuhusu farasi wako wapi, sababu kubwa pwani yetu haikuwa na farasi wengi ni mbung'o. Anabeba vimelea vya nagana, ule ugonjwa wa mifugo, na farasi kwa nagana hana ubavu, punda anajikaza kidogo. Na hili watu wa Tanga mlitembee nalo kifua mbele: mbung'o wa Unguja walimalizwa miaka ya 1990 kwa madume yaliyopigwa mionzi yasizalishe, na hao walifugwa hapahapa Tanga kwenye kituo cha utafiti, wanapakiwa kwenye ndege wanamwagwa juu ya Unguja, mpaka 1997 ikatangazwa kisiwa kimesafishika. Kwahiyo tukisema baridi ni mbaya tuongee kwa adabu, kule nilikokuwa miezi ile ya baridi ndo miezi ambayo farasi haumwi na mdudu, nzi hakuna, mbu hakuna, anasimama katulia hata mkia haupigi.

Sasa. Asubuhi yangu ya kwanza ya theluji natoka nje nakuta majike matano yamesimama uwanjani, migongo myeupe, theluji imekaa juu yao kama unga wa muhogo juu ya ungo. Roho ikaniuma. Nikakimbia kuchukua mablanketi, nikaanza kuwapangusa mmoja mmoja nawafunika, mzee mwenye farasi akatoka akanitazama weeee, akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia weka mkono hapa, chini ya ile theluji, ndani kabisa kwenye ngozi. Moto! Kama umetia mkono chini ya kuku anaeatamia. Theluji kuwa haiyeyuki pale juu maana yake joto lake halitoki nje, manyoya yamesimama yamekamata hewa katikati, ndo koti lake hilo. Akiwa na manyoya hayo, mkavu, ameshiba, nyuzi 10 chini ya sifuri hazimsumbui. Ukimfunika vibaya na blanketi jepesi unayalaza yale manyoya, unakuwa umemvua koti zuri umemvalisha kanga.

Na hayo manyoya msidhani yanaota kwasababu ya baridi. Sehemu kubwa ni mwanga. Siku zikianza kufupika, mwili wa farasi unajua, unaanza kuotesha kabla hata baridi haijafika. Calgary mwezi wa 12 mchana ni kama masaa 8 tu, saa kumi na moja jioni giza. Hapa kwetu siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote hazipishani hata dakika 40, ndo maana ukimleta farasi Tanga hatakuotea koti la maana hata umpeleke akalale Lushoto mwezi wa 7.

Lakini tumbo ndo jiko lenyewe. Farasi ana utumbo mkubwa ajabu huko nyuma, umejaa bakteria, wanachachua yale majani makavu na ule uchachuaji unatoa joto, taratibu, masaa na masaa. Kwahiyo usiku wa baridi kali huongezi nafaka, unaongeza majani. Nafaka ni kama kuwasha karatasi, majani makavu ni mkaa, unatia saa mbili usiku mpaka alfajiri bado unawaka. Farasi wa kilo 500 anakula kama kilo 10 kwa siku, baridi ikizidi anazidishiwa.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo nilichokuja kusema, mengine yote mnaweza kuyasahau mkifika Barabara ya Kumi. Farasi wakati wa baridi anasumbuliwa na maji kuliko baridi yenyewe. Maji aliyoyakosa ndani na maji yaliyomganda nje.

La ndani. Majani mabichi karibu yote ni maji, ukiyakamua yanatoka. Majani makavu hayana kitu. Kwahiyo kipindi ambacho anatakiwa anywe zaidi, lita 30, 40 kwa siku, ndo kipindi maji yameganda kwenye pipa na yeye mwenyewe hana hamu kwasababu hatoki jasho, hasikii joto. Watu wanakwambia atakula theluji. Theluji ni hewa tupu hiyo, atakula mpaka achoke hajafikisha ndoo moja. Mwaka wangu wa pili nilikuwa zamu, nikaona pipa lina utando wa barafu juu, nikaupasua kwa kisigino nikaondoka, sikurudi jioni kuangalia kama wamekunywa. Kesho yake mavi ya jike mmoja madogo, makavu, kama ya mbuzi, nikayapita. Niliyapita jamani, na ndo kazi yangu kuyatazama. Usiku wake akaanza kujilaza na kuinuka, anageuka kutazama ubavu wake mwenyewe, anakwaruza ardhi. Msokoto wa tumbo. Majani yameziba ndani kwa kukosa maji. Daktari alikuja usiku, kamtia mpira puani mpaka tumboni akammiminia maji na mafuta, tukamtembeza kwa zamu kwenye ile baridi mpaka mavi yakatoka karibu na alfajiri. Alipona. Toka siku hiyo nikawa natia maji ya moto kwenye ndoo yawe vuguvugu, chumvi kidogo kwenye chakula, na natazama mavi kila asubuhi kabla sijamsalimia mtu.

La nje ni jasho. Ukimpanda farasi mwenye koti nene ukamkimbiza, anatota mpaka ndani, alafu unashuka unaenda kunywa chai. Pale ndo unapomuumiza, manyoya yaliyolowa yamelala, hewa hamna, baridi inaingia moja kwa moja. Kwahiyo wanaopanda sana wanamnyoa sehemu za shingo na kifua zinazotoka jasho, wakimnyoa ndo blanketi linakuwa lazima. Asienyolewa unamfanyisha kazi ndogo, tena unaanza na kutembea tu dakika 15 mpaka misuli ilegee, ndo unaingia matiti, ule mwendo wa kudundadunda, na mwisho unatembea tena mpaka kifua kikauke. Wakati mwingine kumkausha kunachukua muda kuliko kumpanda. Nyuzi zikishuka kama 20 chini ya sifuri hatukumkimbiza mtu, hewa ile ni kavu na kali kwa mapafu.

Lijamu, lile chuma la mdomoni, mi nilikuwa natembea nalo kwapani ndani ya jaketi. Chuma cha baridi ile ukikigusa na ulimi kinang'ang'ania ngozi, sasa we unamtia mwenzio mdomoni alafu unashangaa kesho anainua kichwa hataki. Wenyewe wakawa wananiita bwana kwapa. Sawa tu, farasi zangu zilikuwa zinafungua mdomo zenyewe.

Na kuna upepo kule unaitwa chinook, unatoka milimani, asubuhi nyuzi 20 chini ya sifuri, mchana uko kifua wazi theluji inatiririka, usiku yote imeganda tena kioo kitupu. Siku za hivyo farasi mwenye viatu vya chuma vya kawaida hatoki, ataanguka na wewe. Theluji mbichi nayo inajishindilia chini ya kile chuma inakuwa donge, anatembea kama mtu kavaa viatu vya mchuchumio, unabandua kila saa. Wengi wanavuliwa viatu kabisa msimu huo.

Basi siku ambazo huwezi kupanda ndo nzuri za kufundisha. Kamba ndefu, banda kubwa, mwanafunzi wangu na mimi. Kusimama, kurudi nyuma, kuinua mguu bila kugombana, kukubali tandiko liwekwe na kutolewa mara 20 bila mtu kupanda juu. Wale waliofundishwa polepole hivi, theluji ilivyoisha nilipanda kama najipandia baiskeli. Waliosubiri mpaka jua walianza na mieleka.

Naona mama pale anatazama saa, anasema hii inatuhusu nini. Inatuhusu masika. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi, mvua inapenya mpaka kwenye ngozi. Punda aliyelowa usiku kucha mwezi wa 4 hapa Tanga, na upepo wa kusi unampiga, hali yake ni ileile ya farasi wangu mwenye jasho, sema yeye hasemi, punda akiumwa anajificha, utaona tu kala kidogo. Babu alikuwa na kibanda cha makuti, upande wa kusi kaziba, na kabla hajafunga mkokoteni alikuwa anasimama nyuma ya punda anatazama chini, sisi watoto tukawa tunamcheka, babu anachungulia mavi.

Swali? Ee, sema baba. Anauliza anywe mara ngapi kwa siku. Kila akisimama mtilie, na usimkimbize akiwa anakunywa, anapumzika katikati anarudi tena. We si ndo mwenye mkokoteni ule uko chini ya mwembe? Punda wako kafungwa pale toka saa tisa, nimemuona nilivyokuwa naingia. Kuna bomba uani, tafuteni ndoo, tutoke wote, maswali mengine mtaniuliza kulekule.