Bila kiingilio, kisha ukumbi ubomolewe: barua za Wagner kwa Uhlig

NEEMA: Karibuni tena, tuko Mwanza. Leo tuna barua ya Richard Wagner, Mjerumani mtunzi wa opera, yaani tamthilia za kuimbwa, kwa rafiki yake Theodor Uhlig, mpiga fidla wa okestra ya mfalme kule Dresden. Imeandikwa Zürich, Septemba 20, 1850. Mabula, wewe barua huanzi kuisoma katikati.

MABULA: Naanza na tarehe na mahali, dada. Zürich, kwa sababu Wagner ni mkimbizi: Mei 1849 alishiriki uasi wa Dresden, ukazimwa, ikatolewa hati ya kumkamata. Septemba 1850, kwa sababu Agosti 28 opera yake Lohengrin imetoka kuchezwa Weimar kwa mara ya kwanza, rafiki yake mwanamuziki Franz Liszt akiongoza okestra, na mtunzi mwenyewe hakuweza kukanyaga Ujerumani. Ukishayajua hayo, hasira yake kwa majumba ya opera haikushangazi.

NEEMA: Anapendekeza nini hasa?

MABULA: Anapanga kama fundi. Angekuwa na thaler 10,000, thaler ikiwa sarafu ya fedha ya Kijerumani ya wakati huo, angesimamisha ukumbi wa mbao hapohapo Zürich, akusanye waimbaji anaowataka mwenyewe, awaalike wapenzi wa kazi zake, opera yake ya kifo cha Siegfried ichezwe mara tatu ndani ya wiki moja bila kiingilio. Kisha ukumbi unabomolewa, shughuli imekwisha. Kuipima hela hiyo: mshahara wake Dresden ulikuwa thaler 1,500 kwa mwaka.

NEEMA: Karibu mishahara ya miaka saba, kwa wiki moja! Ila kwa mtu wa Kisesa au Magu hilo la kutojenga si geni. Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wanashindana uwanjani, watu wakitawanyika hakuna ukumbi unaobaki.

MABULA: Kweli, lakini kule umati ndio jaji: ukichoka na kundi moja unahamia la pili. Wagner hataki jaji. Anataka watu waje kujifunza.

NEEMA: Na hilo linaonekana zaidi kwenye barua ya Novemba 12, 1851, kwa Uhlig huyohuyo.

MABULA: Hapo siasa iko wazi. Ile opera moja, ya kifo cha Siegfried, shujaa wa hadithi za kale za Kijerumani, imeshakuwa mpango wa opera nne, na anasema zitachezwa baada ya mapinduzi tu. Ukumbi kando ya Mto Rhine, mwaka mzima wa maandalizi, maonyesho ya siku nne, ili wanamapinduzi waelewe maana ya mapinduzi yao wenyewe. Sasa weka kalenda pembeni. Desemba 2, hata mwezi haujaisha, Louis-Napoléon, rais wa Ufaransa, anavunja bunge kule Paris na kujitwalia mamlaka yote. Mapinduzi aliyoyatarajia Wagner kutoka Ufaransa yakaishia hapo.

NEEMA: Tusilipite hili pia: Septemba ileile ya 1850 alichapisha, kwa jina la bandia, makala ya chuki dhidi ya Wayahudi katika muziki. Siku chache tu kabla ya barua ya ukumbi wa bure. Anayesoma barua peke yake atadhani huyu ni mkombozi wa kila mtu.

MABULA: Ndiyo maana barua isomwe pamoja na alichokichapisha mwezi huohuo. Na uangalie toleo. Barua za Uhlig zilitolewa 1888, Wagner ameshafariki, na baadhi ya sehemu zilikatwa. Ukitegemea toleo hilo tu, unamsoma Wagner aliyechujwa na familia.

NEEMA: Mpango wenyewe uliishia wapi?

MABULA: Bayreuth, mji wa Bavaria, Agosti 1876, opera zote nne zikachezwa. Badala ya bure, hati ya ufadhili ya thaler 300. Badala ya wanamapinduzi, Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani. Ukumbi haukubomolewa, ulimalizika kwa mkopo wa Mfalme Ludwig II wa Bavaria, thaler 100,000. Bado wakapata hasara, tamasha la pili likaja 1882.

NEEMA: Kwa hiyo hakuna kilichosalia?

MABULA: Viti. Safu zimepinda na kupanda kwa mteremko, kila mtu analiona jukwaa, na kuta za pembeni hazina vile vyumba vya matajiri vya kuonyeshana mavazi. Okestra nayo imefichwa shimoni. Ila wakuu walitengewa vyumba nyuma ya safu ya mwisho.

NEEMA: Nyuma ya waliolipa thaler 300.

MABULA: Nyuma, na juu yao.